Mwalimu Alisimama Barazani

Mwalimu wangu hakuwa na diploma. Mimi nilikuwa nayo, na kwa sababu hiyo sahihi iliyo kwenye karatasi ya damu ya binti yake ni yangu. Nilitaka kuanza na habari za maabara na watu wake, lakini kila nikianza huko najikuta nazunguka. Kwa hiyo naanza na jambo lenyewe: binti yake alikuwa akivuja damu baada ya kuzaa, damu ya kumwongezea ilikuwepo, na ilibidi mimi niseme kwamba inamfaa. Nilichelewa kusema.

Nilifika Élisabethville kutoka shule ya Léopoldville nikiwa na sanduku la vitabu na shati moja jeupe ambalo sikuthubutu kulivaa siku mbili mfululizo. Nilikuwa nimezaliwa hapa, baba yangu alitoka kaskazini akiwa kijana kuja kutandika reli, lakini nilirudi kama mgeni. Maabara ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya hospitali ya Waafrika, paa la mabati, dirisha linalotazama bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba. Mganga mkuu wetu, Mbelgiji mpole asiyependa kelele, alikuwa akichunguza damu ambayo chembe zake hujikunja kama mundu. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka kambi za wafanyakazi na mitaa ya cité, yaani makazi ya Waafrika, kuchoma vidole vya watu, kuziba tone kati ya vioo viwili kwa nta, na kesho yake kuangalia damu ya nani imejikunja.

Watu walituita batumbula. Hao ni wale wanaosemekana kukamata wenzao na kuwapeleka kwa Wazungu wakanywewe damu. Siku yangu ya kwanza mtaani mama mmoja alikuwa amekaa kando ya mbabula, jiko la makaa, anachoma mahindi, akatuona na kisanduku chetu, akamwuliza mwalimu bila kuinuka:

“Baba, leo mutakula nani?”

“Leo ni Ijumaa, mama,” mwalimu akajibu. “Sisi Wakatoliki hatukule nyama Ijumaa.”

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha akanyoosha kidole chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kisayansi kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Niliyarudisha tumboni.

Mwalimu aliingia maabara ile kabla sijazaliwa, akiwa mfagiaji. Mganga aliyekuwepo zamani hizo alimfundisha kuosha vioo, halafu kupaka damu kwenye vioo, halafu siku moja akamwambia aangalie kwenye hadubini na kusema anachokiona. Nilipofika, hakuna mtu katika jengo lile, mweusi wala mweupe, aliyesoma damu kama yeye. Lakini karatasi ya serikali ilitaka diploma. Yeye alisoma, mimi nikatia sahihi. Jambo hilo lilinitia aibu hata nikawa naficha kalamu chini ya daftari mpaka yeye aniulize iko wapi.

Alinifundisha kwa swali moja tu.

“Unaona nini, mutoto?”

“Naona kama zinashikana, baba.”

“Futa ‘kama’. Angalia tena. Unaona nini?”

Ilinichukua miezi kadhaa kufuta “kama” mdomoni. Kichwani haikufutika.

Tulikuwa na mwenzetu wa tatu, mnene, mcheshi, mtu wa ukoo uliokuwa ukilima mahali hapa hata kabla ya mji. “Sisi tulikuwa hapa mbele ya shimo,” alipenda kusema, maana yake kabla ya mgodi. Mimi aliniita Diploma. “Diploma, leta kiberiti. Diploma, viatu vyako vinalia, panya banakimbia.” Nilikuwa nikilala nawaza kama ananidharau au ananipenda. Sasa naamini ilikuwa la pili, ingawa sijawahi kumwuliza.

Sisi watatu tulikuwa chupa za hospitali. Ubaoni, karibu na mlango, yaliandikwa makundi ya damu yetu, na mtu akihitaji damu na ndugu zake wakawa mbali au wakaogopa, mmoja wetu alikunja mkono wa shati. Watu wa wodini walikuja wakisema, “Iko chupa?” Mwenzetu alijibu, “Iko, na imeshiba bukari,” yaani ugali. Mimi na mwenzetu tulikuwa kundi O, mwalimu kundi A. Nilipotoa mara ya kwanza nilizimia kidogo, na mwalimu alinipa chai yenye sukari nyingi akanishika kisogo kama mtu anavyomshika mtoto wake mwenyewe. Sikuwahi kushikwa vile tangu mama yangu afariki.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo mwalimu aliyaweka na hakuna aliyeyavunja, hata mganga mkuu. La kwanza: mtu hasomi damu ya ndugu yake. Jina la ndugu likionekana kwenye chupa, unaweka chini, unatoka barazani, na hurudi wala husemi neno mpaka msomaji amemaliza. Alisema jicho la baba huona linachotaka. La pili: kila aliyekosea aliandika kosa lake kwenye daftari moja la jalada jeusi, kwa mkono wake, bila jina, na Jumamosi kabla ya kufunga mwalimu alilisoma kwa sauti mbele yetu wote. Hakuna aliyegombezwa. Kurasa za mwanzo kabisa zilikuwa za mwandiko wake yeye, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima.

Kisha kulikuwa na baridi. Asiyeishi kwetu hudhani Kongo ni joto tupu, lakini mwezi wa sita asubuhi hapa mtu hutoa moshi mdomoni. Damu nyingine ikiguswa na baridi hushikana mafungumafungu hata kama inapatana na ya mwingine, na msomaji asiyejua atasema inakataa. Mwalimu alikifumbata kigae tulichochanganyia matone katika viganja vyake, akahesabu polepole, kisha akaangalia tena. Chembe zikiachana, ilikuwa baridi tu. Mwenzetu aliweka kichupa cha mchanganyiko kwapani akaendelea kupiga hadithi. Kitabu changu kilisema digrii thelathini na saba, joto la mwili, na kila nilipomwona na kichupa kwapani nilitazama upande mwingine.

Asubuhi ile mganga mkuu alikuwa safarini kwenye kambi za migodi upande wa magharibi. Jua lilikuwa limetoka lakini halijafika dirishani kwetu. Muuguzi alikuja mbio na kichupa cha damu, akasema mwanamke amezaa alfajiri, mtoto wa kike ni mzima, mama yake anavuja na hawaachi kubadilisha nguo za kitanda. Mwalimu alipokea kichupa, akasoma jina kwenye karatasi iliyofungwa shingoni mwa kichupa. Alijua binti yake alikuwa wodini; hakujua kwamba ni yeye anayevuja.

Alikiweka kichupa mezani mbele yangu.

“Kazi yako,” akasema.

Akachukua koti lake kwenye msumari, akatoka barazani, akasimama mgongo wake ukielekea dirisha.

Mwenzetu alikuwa ametoa damu wiki iliyotangulia. Kwa hiyo chupa ilikuwa mimi. Hakungoja nimalize kufikiri, alinikalisha, akanifunga mpira mkononi, akaanza kukinga damu huku akisema, “Pima na mukono wa kuume, wa kushoto uko na kazi.” Binti alikuwa kundi O, hilo lilionekana mara moja. Kilichobaki ni kuchanganya tone la maji ya damu yake, yale ya manjano yanayojitenga na chembe, na tone la damu yangu kwenye kigae cheupe na kuangalia. Zikikataana, chembe hushikana kama mchanga uliolowa. Zikipatana, tone hubaki laini.

Zilishikana.

Nilifanya alichonifundisha mwalimu: nikachanganya pia maji ya damu yake na damu yake yeye mwenyewe. Nazo zilishikana. Mtu hakatai damu yake mwenyewe. Maana yake ilikuwa wazi, ni baridi, na hata mwanafunzi wa miezi miwili angejua. Nikakifumbata kigae viganjani nikahesabu. Nilipoangalia, mafungu yalikuwa yameanza kuachana, lakini machache yalibaki.

Hapo ndipo nilipopotea. Kama ni baridi, kwa nini hayakuachana yote? Viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho na vilikuwa baridi kama kigae chenyewe. Mtu mwenye hofu hana joto mikononi. Hilo nililiona baadaye. Wakati ule niliwaza kwamba labda kuna mambo mawili, baridi na kukataana kwa kweli, moja limejificha nyuma ya lingine. Niliwaza kwamba damu iliyo kwenye chupa ni yangu, na nikikosea, ni damu yangu itakayomwua binti wa mwalimu. Niliwaza labda natamani ifae kwa sababu ni binti yake, na kama natamani, basi jicho langu nalo ni la ndugu. Ningeweza kuwaza hivyo mpaka leo.

“Diploma,” mwenzetu akasema, “inapatana. Ni baridi.”

“Yamebaki mafungu.”

“Leta niweke kwapani.”

“Hapana. Nataka digrii thelathini na saba.”

Alinitazama, kisha bila mzaha wowote akaenda kuwasha makaa. Sanduku la joto lilikuwa limeharibika tangu Pasaka. Tuliweka sufuria ya maji kwenye mbabula, nikatumbukiza kipimajoto, nikasimama juu yake. Maji yalipanda polepole, kisha yakapanda ghafla yakapita. Joto likizidi sana maji ya damu huharibika na jibu huwa uongo. Nikamwaga, nikaanza upya. Mara ya pili yalifika arobaini na tatu. Mwenzetu alisema pooza na maji ya baridi. Nilisema yatakuwa hayalingani, juu joto, chini baridi. Aliyekuwa akinijibu ni mtu mwenye akili, na mimi nilikuwa nikimsahihisha.

Muuguzi alirudi mara mbili. Mara ya pili alisimama mlangoni, aproni yake imelowa damu. Chupa ya damu yangu ilikuwa mezani, imefungwa. Nilipoinua macho niliona mgongo wa mwalimu kupitia kioo cha dirisha. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Nilitaka ageuke. Kama angegeuka, kama angesema neno moja, hata “mutoto” tu, ningeandika “inafaa” papo hapo. Hakugeuka, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha.

Mwishowe mwenzetu alichukua kichupa cha mchanganyiko mezani bila kuniuliza, akakiingiza kwapani ndani ya shati, akakaa kwenye kiti amefumba macho. Baadaye akakitoa, akadondosha tone kigaeni na kunipa. Niliangalia. Tone lilikuwa laini kabisa, kama maziwa. Niliandika, nikatia sahihi, muuguzi akaondoka na chupa akikimbia. Tangu alipokuja mara ya kwanza ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima.

Nusu ya chupa ilikuwa imeingia alipofariki. Haikuwa hata saa sita mchana.

Mganga mkuu aliporudi alisoma karatasi zote, akasema hakuna anayeweza kujua. Wanawake wengine huvuja hivyo na damu haiwawahi hata ikiwa tayari kitandani. Alisema kwa wema. Nimeipima sentensi hiyo pande zote na sijapata pa kuishika.

Kwenye kilio sikujua pa kukaa. Wanaume wa familia walikuwa upande mmoja kuzunguka moto, watu wa kazini upande mwingine, wanawake ndani na mwili. Nilisimama karibu na ua wa matete mpaka mwenzetu alipokuja kunivuta kwa mkono wa koti. Mume wa marehemu, fundi wa treni, alifika siku ya pili na vumbi la safari. Alitusalimu wote sawasawa. Hakujua ni nani aliyesoma. Mwalimu alijua, na alipofika kwangu alinipa mkono akasema:

“Asante kwa kufika, monsieur.”

Hakuwahi kuniita bwana, kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili. Nilijiambia ni msiba, watu hubadilisha maneno msibani.

Aliporudi kazini aliendelea kunifundisha kama zamani, labda kwa uangalifu zaidi. Aliniwekea vioo vigumu, akaniuliza naona nini, akangoja. Lakini nilikuwa monsieur. Monsieur, angalia hii. Monsieur, iko wapi kalamu. Hakukuwa na hasira ndani yake. Nilitafuta hasira nikaikosa, na ningeipokea kwa furaha.

Kuandika kwenye daftari jeusi kulinichukua siku nne. Niliandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nikachana. Nilianza na baridi, nikaeleza hali ya chumba, sanduku la joto lililoharibika. Mwishowe nilinakili mistari michache: kwamba msomaji aliona jibu mara ya kwanza, hakuliamini, akatafuta digrii kamili kwa maji ya sufuria, na mgonjwa akachelewa kupata damu. Jumamosi mwalimu alifungua ukurasa. Nilidhani atampa mwenzetu asome. Akavaa miwani, akasoma mwenyewe, mpaka mwisho, bila sauti kubadilika. Alipofika kwenye “mgonjwa” alisogeza kidole kama anayetafuta mstari.

Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya maneno yangu, herufi zile kubwa, polepole, sisi tunangoja. Akageuza daftari akasoma na hilo:

“Mutu mumoja alikuwa inje. Alijua ni baridi. Hakuingia.”

Mwenzetu aliinamisha kichwa. Mimi nilisema, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, kwamba basi tuifute kanuni hiyo, kwamba kanuni imeua mtu.

“Hapana,” mwalimu akasema. “Kanuni ibakie.”

“Ju ya nini, baba? Ungeingia tu.”

“Ningeingia, ningesema inafaa. Hata kama haikufaa ningesema. Sikuangalia kigae, monsieur. Nilikuwa najua tu. Kujua vile haiko kusoma.” Akafunga daftari. “Ibakie.”

Mvua zilipoanza aliomba kuhamishwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya huku kwetu Kongo, kwenye zahanati iliyo kando ya ziwa, ambako palikuwa na hadubini moja ya zamani na hakuna mtu wa kuitumia. Mganga mkuu alijaribu kumzuia. Alisema maabara bila yeye ni macho bila mboni. Mwalimu alijibu kwamba huyu monsieur anasoma vizuri. Nilikuwa nikisikiliza nyuma ya kabati la vioo, na nilitamani asingesema hivyo kwa sauti ile ya kumsifu mgeni.

Siku ya kuondoka nilikwenda kwenye kituo cha malori na mwenzetu. Mke wa mwalimu alikuwa amekaa juu ya mabunda, mjukuu amefungwa mgongoni. Baba wa mtoto alikuwa njiani na treni zake kama kawaida. Na mke wa mwalimu nilikuwa sijawahi kusema zaidi ya pole. Aliniita kwa mkono.

“Weye njo mwenye kusoma damu yake,” akasema.

“Ni mimi, mama.”

“Na chupa ilikuwa yako.”

“Ilikuwa yangu.”

Alirekebisha kitenge cha mtoto mgongoni, na mwenzetu akajifanya kukaza kamba za mizigo.

“Basi alizikwa na damu yako. Siye tunaenda mbali, bwana yake iko njiani kila siku. Kaburi litaota majani. Weye uko ndugu yake sasa, utalima.” Halikuwa ombi, na sikusikia msamaha ndani yake. Ilikuwa zamu, kama mtu anavyomgawia mwanawe kazi ya kuchota maji. Nilisema ndiyo, mama. Mwalimu alikuwa upande wa dereva akizungumza habari za barabara, na sikujua kama alitusikia. Alinipa mkono, akapanda, lori likaondoka likipiga tope.

Sasa mimi ndiye msomaji wa kwanza. Wamekuja vijana wawili wenye diploma, na ninapowaambia watoke barazani wanatoka, na mimi huwaza kila mara kama nimewafundisha sawa. Jumapili moja kila mwezi, baada ya misa, naenda makaburini na jembe dogo. Huwa nalima pembeni kwanza kwa sababu sijui kama inafaa mtu asiye wa ukoo kukanyaga juu. Mwenzetu alikuja nami mara moja akasema ninalima kama mtu anayeogopa kumwamsha jirani, na akalinyoosha kaburi kwa mapigo kumi na mawili ya jembe.

Mwezi uliopita nilikuta mchwa wameanza kuula msalaba upande wa chini. Bado unasimama ukiegemezwa na jiwe. Sijui kama nimwandikie mwalimu huko Kilwa, au nichongeshe mwingine na kukaa kimya, au kama kukaa kimya ni kuficha. Nimeanza barua tatu. Katika ya kwanza nilimwita baba, katika ya pili mwalimu, na ya tatu iko hapa mezani, haina mwanzo.